Neno la Kumi

Hotuba hii niliitoa Eldoret mbele ya wazazi, walimu na vijana wa dini mbalimbali. Waliniomba niwaeleze jinsi kijana anavyokuja kujiona wa kwao katika jamii ya imani iliyo ndogo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango: shalom. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Nashukuru sana kwa kunikaribisha.

Jana nilivuka mpaka pale Malaba, nikapita Bungoma kuwasalimu wajomba, kisha nikapanda matatu hadi hapa. Mama yangu ni Mbukusu wa Bungoma, baba yangu ni Mgisu wa Mbale kule Uganda, na mimi nimesoma sekondari upande huu wa mpaka, ndiyo maana mnanisikia nikisema Kiswahili. Nafundisha shule ya sekondari huko nyumbani. Na mimi ni Myahudi. Kwetu tunaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda kwa Kiganda. Tuko kama elfu mbili tu, tumetawanyika katika vijiji vinavyozunguka Mbale, wengine Namutumba, wengine wachache Kampala.

Nilipokuwa njiani nikiyaangalia mashamba yenu ya mahindi na ngano, niliwaza jambo moja ambalo pengine wengi hapa hawajalisikia. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya ahadi ya ardhi, na ardhi yenyewe ilikuwa hii tuliyokalia, Uasin Gishu. Nyanda hizi zilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka uliotangulia, kwa hiyo mpango ule ukaitwa Mpango wa Uganda. Wayahudi wa Urusi walikuwa wakiuawa majumbani mwao wakati ule, na watu walitafuta pa kukimbilia, popote. Mkutano wao mkuu kule Basel ukapiga kura, 295 wakakubali watu watumwe kuiona nchi, 178 wakakataa. Watu watatu wakaja, wakaona, wakarudi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukalitupilia mbali jambo hilo. Wanandi na Wamasai waliokuwa wakichunga hapa hakuna aliyewauliza neno.

Miaka 14 baadaye, upande wa pili wa Mlima Elgon, Waafrika waliokuwa hawajaahidiwa kitu na mtu yeyote wakawa Wayahudi wenyewe.

Nitapita haraka hapa, maana historia hii ni ndefu. Semei Kakungulu alikuwa mkuu wa vita wa Kiganda. Aliwasaidia Waingereza kuishika Uganda ya mashariki, naye alitumaini watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Akajitenga nao, akakaa na Biblia yake, akasoma Torati mstari kwa mstari, akafika penye agizo la tohara na kuona kwamba hakuna mahali lilipofutwa. Wenzake wakamwambia: hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu: basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1919 akajitahiri, na wanawe akawatahiri. Mwaka uliofuata alikuja Myahudi mmoja mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na vyakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Babu mzaa baba yangu alizaliwa katika nyumba ambayo tayari ilikuwa ikiwasha taa kabla ya jua la Ijumaa kuzama.

Sasa nije kwa vijana.

Idi Amin alipokuwa madarakani, dini yetu ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa. Wazee husimulia kwamba mtu mmoja alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha sikukuu, akaachiliwa kwa mbuzi watano. Watu walisali vyumbani kwa sauti ya chini, mmoja akiwa nje akipalilia migomba ili aangalie nani anakuja. Wengi walichoka. Wengine waliingia Ukristo, wengine Uislamu, na siwezi kuwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha na kusomesha. Inasemwa tulikuwa kama 3,000 kabla ya Amin, tukabaki kama 300.

Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilianguka mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Ukifungua kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule, utaona kwamba jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa jioni ya kwanza ya Pasaka, usiku tunapokumbuka kutoka utumwani Misri. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini bibi yangu, ambaye Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya askari wa kupora na kupiga, aliniambia kwamba maneno ya kwanza matamu aliyoyasikia kwa Kiswahili aliambiwa na askari Mtanzania aliyepita kwetu mwaka ule: "Tulia, mama. Yamekwisha." Hadi anafariki, bibi alikuwa akiyasema maneno hayo usiku wa Pasaka, kwa Kiswahili, katikati ya sala za Kiebrania na Kiganda. Hakuna kitabu cha Pasaka chenye maneno hayo. Kwetu yamo.

Watu wazima waliobaki walikuwa na hofu mifupani. Jengo lilikuwa limeharibika, ardhi wengine wameishika, na wenye kujua Kiebrania walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ni nani aliyeinua jamii ile? Vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha vijana kilijikusanya kikaenda kuishi pamoja kwa mfano wa kibbutz, kijiji cha ushirika cha Israeli, wakalima pamoja, wakapika pamoja, wakafundishana Kiebrania kwa vitabu vichache vilivyosalia, na wakadai kilima cha Nabugoye kirudi kwa jamii. Walikuwemo Joab Jonadab Keki, ambaye watu wote humwita J.J., na Gershom Sizomu aliyezaliwa 1969. Hesabuni wenyewe Sizomu alikuwa na umri gani. Alikuwa wa umri wenu, nyinyi wa kule nyuma. Mwaka 2008 alihitimu urabi, yaani ualimu wa dini yetu, huko Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. J.J. naye mwaka 2004 aliwaendea majirani Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, wakaunda ushirika mmoja wa kahawa wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu.

Nyimbo tunazoimba hadi leo, zaburi za Kiganda zenye gitaa na ngoma, nyingi zilitungwa na wale vijana. Walitunga kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwafundisha zilizokuwepo.

Basi mimi nilizaliwa katika jamii iliyofufuliwa na vijana. Na bado, nilipofika umri wa miaka 15, nilitaka kuikimbia.

Nilikuja kusoma bweni huku Kenya, shule siitaji, maana waliokuwepo wakati ule walikuwa watu wema kwa namna yao. Wiki ya kwanza mwalimu wa zamu alisoma orodha ya dini ili atugawe kwa ibada. Wakatoliki upande huu, Waprotestanti huu, Waislamu huu. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya ukumbi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Wayahudi wako Israeli, binti. Simama na Waprotestanti." Nikaenda nikasimama na Waprotestanti.

Hiyo haikuwa mateso. Lakini mtoto wa miaka 14 anaposimama mbele ya wanafunzi mia sita akaambiwa kwamba yeye hayupo, kitu hukatika ndani. Usiku wasichana wa bweni waliniuliza kwa nini tulimuua Yesu. Nikawaambia mimi ni Mgisu. Wakasema, basi acha kujifanya.

Jumamosi zilikuwa na masomo. Ukikosa, adhabu. Miezi miwili ya kwanza niliandika kama wengine, na kila herufi niliyoiandika niliona kama namwaibia babu. Aliyeniokoa ni msichana Msabato, mrefu, mkimya, aliyekuwa akikaa chini ya mjakaranda kila Jumamosi na Biblia yake na kuikubali adhabu ya Jumatatu bila kunung'unika. Siku moja nilikwenda nikaketi karibu naye. Hakuniuliza kitu. Alisogea, akanipa nusu ya leso aliyokuwa ameitandika. Huko kwetu Uganda wanafunzi Wasabato waliishtaki Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi, Mahakama ya Katiba ikawakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikawakatalia tena mwaka 2006. Yeye alizijua hukumu zote mbili. Aliniambia, "Tulishindwa mara mbili. Na Jumamosi bado inakuja." Nimesahau mengi niliyofundishwa shuleni, lile sijalisahau.

Lakini kukaa chini ya mti na rafiki ni jambo moja, na kujua wewe ni wa wapi ni jambo jingine. Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua. Nilikuwa na maneno yote tayari. Ningemwambia baba: sisi si Wayahudi, sisi ni watu tuliosoma kitabu cha wenyewe tukajipachika. Nilikuwa nimelifunga hilo kifuani kama mzigo wa kuni, natafuta pa kuutua.

Jumamosi ile ilinyesha tangu alfajiri. Mnaijua mvua ya Aprili ya chini ya Elgon: barabara inakuwa uji mwekundu, pikipiki hazipiti, viatu vinabaki kwenye tope na mguu unaendelea. Nikamwambia mama kichwa kinaniuma. Nikajifunika. Baba akaenda sinagogi, chumba kimoja cha matofali chenye mabati, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Nikasikia mvua, nikalala.

Kitambo si kirefu mlango ukafunguliwa. Baba amesimama, maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikajiandaa. Nikasema moyoni, sasa ataniuliza, na mimi nitamwambia yote.

Akasema, "Tuko tisa."

Hakuongeza neno. Akageuka, akasimama ukumbini akinisubiri.

Niwaeleze kidogo wasiojua. Katika dini yetu zipo sala ambazo huwezi kuzisema peke yako. Unahitaji watu kumi waliofikia umri wa kuhesabiwa, mvulana miaka 13, msichana miaka 12. Kwetu wanawake huhesabiwa. Viko vijiji vya wenzetu vinavyofuata desturi ya Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika mapokeo ya kale, ambako huhesabiwa wanaume tu, na hao ni ndugu zetu pia, sisemi kwa kuwashinda. Bila kumi, Torati haisomwi hadharani. Bila kumi, aliyefiwa hawezi kusema Kaddish, sala ya kumkumbuka marehemu. Wakiwa tisa, hata wote tisa wakiwa marabi, aliyefiwa atakaa kimya.

Na asubuhi ile palikuwa na mtu aliyefiwa. Jirani yetu, mzee wa miaka sabini, alimzika mama yake wiki iliyotangulia. Alikuwa ametembea kwenye tope lile na fimbo, akafika wa kwanza.

Nilivaa gauni la jana nikatoka. Tulipoingia, mzee mmoja akasimama ahesabu tena. Sisi hatuhesabu watu moja, mbili, tatu, kama mbuzi. Huo ni mwiko wa kale. Hutumia mstari wa Zaburi ya 28 ambao kwa Kiebrania una maneno kumi, na kila mtu hupewa neno lake. Mzee akaanza kuzunguka, akigusa hewa kwa kidole mbele ya kila kifua: hoshia, et, amekha. Uwaokoe watu wako. Uvarekh, et, nahalatekha. Uubariki urithi wako. Ur'em, venas'em. Uwachunge, uwachukue. Ad. Akafika kwangu, mimi ninayedondoka maji karibu na mlango, nimekuja na hoja zangu zote. Neno la kumi ni ha'olam. Milele.

Kidole chake kikakaa pale kidogo. Kisha akasema, "Haya, tuanze."

Yule mzee jirani akasimama, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akasema Kaddish ya mama yake. Sauti ilimkatika mara mbili. Sisi tuliitikia. Kwa sheria yetu, asingeweza kuisema kama ningebaki kitandani.

Wazazi, naomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo palipo na jambo nililotoka nalo nyumbani. Baba hakuniuliza kama naamini. Hakunihubiria kuhusu Kakungulu. Hakuniambia "wewe ni wa kwetu," maneno ambayo nilikuwa na majibu yake kumi. Alinipa habari ya kweli: pana pengo, na pengo lile lina kipimo chako. Mzigo wangu wa hoja ulianguka wenyewe, si kwa sababu ulijibiwa. Mengine sijajibiwa hadi leo. Lakini huwezi kuuliza kama wewe ni wa mahali fulani huku mtu amekushika mkono analia na kukushukuru kwa kuwa hapo.

Watoto wetu tunawaambia kila siku kwamba wao ni viongozi wa kesho. Nami husikia jambo hilo shuleni, makanisani, misikitini, kwenye mikutano ya chifu. Kesho. Kijana anasikia: leo hatukuhitaji. Kaa nyuma, karibu na mlango, usipige kelele.

Nina mdogo wangu wa kiume. Ameniruhusu niseme habari zake. Nyinyi mlio na damu ya Kibukusu mtaielewa hii kuliko mtu yeyote. Kwa Wagisu na Wabukusu, mwaka wa tarakimu shufwa ni mwaka wa tohara. Wavulana wa miaka 16, 18, wanafunga njuga mapajani, wanapakwa unga, wanapita kijiji kwa kijiji wakicheza, ngoma za kadodi zinasikika usiku kucha. Kisha wanasimama wima mbele ya umati, bila kupepesa jicho, wanakatwa. Anayesimama ni mwanamume. Rika lake ni lake hadi kaburini. Asiyesimama, hata awe na mvi, ni mvulana.

Mdogo wangu alitahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa, kama Torati inavyoagiza.

Mwaka 2012 alikuwa na miaka 16. Rafiki zake wote walikuwa wanakwenda. Akacheza nao siku tatu, akabeba maji, akaimba. Siku ya nne mmoja wao, rafiki aliyekuwa akila kwetu tangu utotoni, akamwambia, "Wewe rudi nyumbani. Ulikatwa ukiwa huna meno. Hukukiona kisu." Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alikuwa anasema kweli.

Akarudi usiku. Akamwuliza baba: kwa nini mlinikata nikiwa sijui? Mmeniibia rika langu. Nami nilikuwepo, nikamwona baba, mtu mwenye neno kwa kila jambo, akikosa la kusema. Alijaribu. Alitaja agano la Ibrahimu. Mdogo wangu akasema, "Ibrahimu alikuwa na miaka 99. Alikiona kisu." Baba akanyamaza. Ni kweli, imeandikwa hivyo.

Kwa majuma kadhaa alikuwa kama mgeni nyumbani. Alikula, akalala, hakuimba. Ijumaa jioni alikaa nje kwenye kinu kilichopinduliwa mpaka tumalize. Mama akataka aitiwe rabi azungumze naye. Baba akakataa. Nilidhani ni ukaidi.

Mwishoni mwa Septemba ikafika Sikukuu ya Vibanda. Kila mwaka baba ndiye aliyejenga kibanda, nasi tulimpa kamba. Kibanda hicho tunakaa na kula ndani yake siku saba, na paa lake lazima liwe la majani, tena liache mwanga upite. Kwetu ni majani ya migomba. Asubuhi moja baba akamwita mdogo wangu, akampa panga. Panga lake mwenyewe, lile lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Akamwambia, "Mgongo wangu hauwezi tena. Kuanzia mwaka huu kibanda ni chako. Ukikijenga vibaya, tutanyeshewa." Akaondoka akaenda shambani, hata hakugeuka kuangalia.

Mdogo wangu alisimama na panga lile dakika nyingi. Kisha akaenda kukata nguzo. Siku mbili alifanya kazi bila kusema na mtu. Siku ya pili nikaona anarudi kutoka barabarani na vijana wanne, wale wa rika lake, waliokuwa wamepona na bado wanatembea na majivuno ya watu waliosimama wima. Wamebeba majani ya migomba begani. Yule aliyemwambia arudi nyumbani alikuwa mbele. Walipaua pamoja. Yule rafiki akapendekeza waongeze majani, mvua isipite. Mdogo wangu akamwambia, "Hapana. Lazima nyota zionekane." Akauliza kwa nini. Mdogo wangu akaanza kueleza, jangwani, miaka arobaini, nami nikiwa nimejificha nyuma ya jiko nasikia anaeleza vizuri kuliko baba.

Walikula ndani yake usiku ule, watano, wamebanana. Mvua ikaja kidogo, wakanyeshewa, wakacheka.

Sisemi jeraha lilipona. Juzi, ana watoto wawili, aliniambia kwamba ngoma za kadodi zikianza Agosti bado tumbo linamkaza. Na ni haki yake. Kijana anaweza kuwa wa mahali pawili na kila mahali pakamdai kitu ambacho hawezi kutoa. Tusiwadanganye kwamba mambo hayo huisha. Lakini kibanda bado anakijenga yeye.

Kuna mlango mwingine wa jambo hili, nao sipendi kuupita, ingawa unaniuma kuutaja. Hata kijana akishajua ni wa kwao nyumbani, wako watu wa mbali wanaosema la. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu, tawi jingine la Uyahudi, kutoka Marekani na Israeli walikuja kutuingiza rasmi katika Uyahudi, ili Wayahudi wengine watutambue. Nilikuwa na miaka 8. Nakumbuka maji yalikuwa baridi na nilimeza kidogo. Nakumbuka pia babu alikataa kwa siku mbili. Alisema, "Nimeshika Sabato tangu nizaliwe, niliishika Amin akiwa mlangoni, leo mtoto wa watu aniambie niingie?" Siku ya tatu akaingia, kwa ajili yetu wajukuu. Wengine hawakuingia, wakatafuta njia yao kwa Waorthodoksi. Mwaka 2016 Shirika la Kiyahudi la Israeli likatutambua, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo hiyo ikakataa ombi la mwenzetu aliyetaka kuhamia huko kwa Sheria ya Kurejea, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia Israeli. Wanafunzi wangu huniuliza: Mwalimu, sisi ni Wayahudi wa nani? Wageni hutujia, wema kabisa, wanatupiga picha, wanatuuliza "tangu lini?" Msichana wa miaka 13 anaulizwa "tangu lini" na mgeni wa kila mwezi. Mimi humwambia: mjibu kwa adabu, mwambie tangu 1919, halafu mwombe akusaidie kubeba viti, maana sala inaanza.

Simaanishi hati hazina maana. Zina maana sana, na wanaozipigania kwetu nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini hati huja kwa wakati wake, na mtoto anakua sasa hivi.

Wako tuliowapoteza. Rafiki yangu wa utotoni, tuliyejifunza naye alefu na beti, herufi za kwanza za Kiebrania, kwenye ubao mmoja, ameolewa na Mkristo na anasali huko. Tunapendana. Nilimwuliza mwaka jana nini kilimwondoa. Nilitegemea atasema mapenzi. Akasema, "Nilikaa sinagogi miaka kumi na sita, na hakuna siku hata moja niliyopewa kitu cha kushika." Sikujua la kumjibu. Nilikuwa kwenye chumba kile kile, na mimi pia sikumpa.

Wazazi, kila mmoja wenu anajua nyumbani kwake panga liko wapi. Mnajua ni kazi gani mmeishikilia kwa sababu mnaifanya vizuri kuliko mtoto. Kanisani ni nani anafungua mlango? Msikitini ni nani anatandika mikeka, ni nani anaadhini? Mpe mvulana wa miaka 14 ufunguo, na siku akichelewa, nyinyi simameni nje mumngoje, msitoe ufunguo wa akiba. Atachelewa mara moja.

Na nyinyi vijana wa kule nyuma, mkiona hamjaulizwa, msisubiri kuulizwa. Wale wa Nabugoye hawakuulizwa.

Siku hizi kijijini kwetu anayehesabu ni mpwa wangu. Alitimiza miaka 13 mwaka huu, na yule mzee wa zamani alimkabidhi kazi hiyo kwa sababu macho yake yamefifia. Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha tena. Mpwa wangu akazunguka chumba taratibu, kidole mbele, hoshia, et, amekha, hadi akafika kwa mtu wa mwisho, neno la tisa, ad. Akaangalia nyuma ya pazia. Kisha akavua viatu vyake vizuri, akaviweka kando, akakunja suruali, akatoka mbio kwenye tope kumtafuta wa kumi.